Nilivyomfuta mpiga ngoma wa mwaka 1957

Nimepotea kidogo, kazi zimenibana. Leo sitaandika kuhusu seva wala hifadhidata. Nataka kuwasimulia kosa nililofanya nikiwa chuo kikuu, na jinsi lilivyoniingiza katika jazi ya Uingereza. Mwenye haraka aruke hadi mwisho, kuna ushauri.

Babu yangu alisoma London kuanzia 1963 hadi 1966. Alirudi na cheti kimoja na sanduku zima la santuri. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bendi iliyoitwa The Jazz Couriers, iliyotolewa na kampuni ndogo ya Tempo. Mbele kulikuwa na saksafoni mbili, ya Ronnie Scott na ya Tubby Hayes. Bendi hiyo ilianza Aprili 1957 na ikavunjika mwisho wa Agosti 1959. Babu alifika imeshakufa, kwa hivyo alichokiwahi ni santuri tu, tena ya mkono wa pili. Scott mwenyewe alimwona katika klabu aliyoifungua Oktoba 1959 pale Gerrard Street, siku ambazo pesa ya kiingilio ilipatikana.

Mwaka 2018 babu akaniita. "Mjukuu wangu, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Niwekee hii santuri kwenye flashi kabla sindano haijaimaliza."

Kazi rahisi, nikasema. Nikaunganisha kinanda cha santuri na laptopu, nikarekodi kwa sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24. Faili ikazidi gigabaiti moja. Kulikuwa na mikwaruzo na ule mvumo wa "shhh" unaojulikana na kila mtu mwenye santuri. Nikatumia programu ya kuondoa kelele. Unaionyesha sekunde chache za ukimya kati ya nyimbo mbili, inajifunza kelele iko katika masafa gani, kisha inaitoa katika wimbo wote. Nilifurahi sana. Nikasukuma kitufe hadi mwisho. Ikatoka safi kama maji ya chupa.

Diski yangu ilikuwa imejaa, basi nikahifadhi faili safi juu ya ile ghafi. Hilo ni kosa la kwanza. La pili: nikienda kumrudishia babu Nakuru, niliacha santuri nyuma ya kiti cha gari, chini ya kioo, jua la saa saba likiwaka. Niliporudi ilikuwa imejikunja kama chapati.

Babu hakunigombeza. Alisikiliza ile flashi kwa muda, halafu akauliza swali moja: "Mpiga ngoma ameenda wapi?"

Nikasikiliza tena. Kweli, hayupo. Saksafoni zipo, piano ipo, lakini matoazi yamegeuka kuwa kitu kama mtu anayekanyaga nyasi mbali sana.

Sababu ni hii. Noti ya saksafoni ina mpangilio, nguvu yake imekaa katika masafa machache yanayojulikana. Toazi halina mpangilio huo. Sauti yake imetawanyika kote, hasa juu, sawasawa na mvumo wa santuri. Programu yangu haikujua tofauti. Ilichokitoa ni kazi ya Bill Eyden, mtu ambaye huenda umemsikia bila kumjua, maana ndiye aliyepiga ngoma katika "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum mwaka 1967.

Aibu ikanifanya nianze kusoma. Nikagundua kwamba kwa wanamuziki wale, santuri ilikuwa shule. Kuanzia 1935 hadi katikati ya miaka ya 1950, chama cha wanamuziki na serikali ya Uingereza walizuia bendi za Marekani kuja kupiga huko. Kijana wa London aliyetaka kujua Charlie Parker anafanya nini alikuwa na njia mbili. Kwanza, kusikiliza santuri mara mia na kunakili kila noti. Pili, kutafuta kazi katika bendi ya meli inayokwenda New York, ashuke, akimbie klabuni, arudi melini. Ronnie Scott na John Dankworth walifanya hivyo. Desemba 1948 wao na wenzao wakafungua Club Eleven, wanamuziki kumi na meneja mmoja, ili wapige bebop bila kuombana ruhusa na mtu.

Kampuni kubwa hazikuwajali sana. Waliorekodi muziki huo walikuwa watu wadogo, kama Esquire, iliyoanzishwa mwaka 1947 na mpiga ngoma Carlo Krahmer na Peter Newbrook. Nakala zilikuwa chache. Ndiyo maana leo santuri halisi ya Tempo huuzwa kwa mamia ya pauni. Sisi wengine tunategemea matoleo mapya.

Na hapo kuna jambo la kuangalia. Mwaka 2013 Uingereza iliongeza hakimiliki ya rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini zile ambazo muda wake ulikuwa umeshakwisha hazikurudishwa. Rekodi iliyotoka 1957 ilikuwa huru tangu mwisho wa 2007, hivyo mtu yeyote huko anaweza kuitoa upya. Wapo wanaotumia kanda ya kwanza iliyorekodiwa studio, na wapo wanaochukua santuri ya zamani na kuisafisha, kama nilivyofanya mimi. Jalada linaweza kupendeza kote kuwili. Msikilize mpiga ngoma, yeye ndiye atakayekuambia.

Halafu kuna ile ya Tubby Hayes. Mwaka 1969 alirekodi kwa kampuni ya Fontana nyimbo ambazo hazikutolewa. Akafariki 1973, akiwa na miaka 38. Kanda zikabaki ghalani, na mwaka 2019 Decca wakazitoa kwa jina "Grits, Beans and Greens". Miaka 50! Zilisalimika kwa sababu hakuna aliyerekodi kitu kingine juu yake. Mimi nilishindwa kutunza faili moja wiki moja.

Mwishowe nilimnunulia babu toleo jipya la ile ya Couriers. Akasikiliza yote, akitikisa kichwa. "Amerudi," akasema, akimaanisha Eyden. Kisha akaongeza: "Ila ile yangu ilikuwa na mkwaruzo hapa. Rafiki yangu alikanyaga waya tukicheza dansi." Huo mkwaruzo hautapatikana dukani popote.

Basi ushauri ni mfupi. Rekodi ghafi usiiguse kamwe, weka nakala mbili mahali pawili. Kusafisha fanya kwenye nakala, na uandike ulichofanya. Diski ikijaa, futa sinema.

Nyumbani kwenu kuna santuri au kaseti za zamani? Ziondoeni juani leo, kisha mniambie ni za nani.