Bustani ya Majira Manne

Tuko Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wengi mnatuuliza kama huku tunalima. Tunalima, tena sana, lakini siyo kama huko. Sisi tulizoea masika na kiangazi. Huku majira ni manne, na bustani haifanani na ya mwezi uliopita.

Kuanzia Desemba hadi Machi jembe linapumzika. Udongo umeganda kama jiwe, theluji imefunika kila kitu, na mchana wa Desemba ni kama masaa 9 tu. Miti mingi haina hata jani. Mgeni atasema imekufa, ikatwe kuni. Kumbe imelala tu.

Mwaka wetu wa kwanza bibi alikaa dirishani wakati huo wote, haongei. Alipopewa jembe mwezi wa 5, ndipo tukasikia tena sauti yake.

Mwezi wa 4 theluji inayeyuka, ni matope matupu. Vitunguu saumu vinachomoza mapema, maana vilipandwa mwezi wa 10. Vinahitaji baridi ndipo vigawanyike punje. Njegere nazo zinavumilia. Lakini mahindi, maharage na lenga-lenga vinangoja mwisho wa mwezi wa 5. Usiku mmoja wa barafu unaweza kuua miche yote. Nyanya tunaziotesha ndani ya nyumba kwanza.

Juni mchana unapita masaa 15, na mimea inakimbia kweli. Mwezi wa 7 na wa 8 tunakula, tunagawia majirani, nyingine tunaweka kwenye friza. Kufikia mwanzo wa mwezi wa 10 majani ya miti yamegeuka mekundu na ya njano, baridi inarudi, maboga yanaingizwa ndani.

Kwa hiyo muda wenyewe ni kama miezi minne tu. Ukichelewa, umepoteza mwaka. Muhogo hauwezi, unataka joto la miezi minane au zaidi. Sombe tunanunua dukani, imegandishwa. Hilo bado linamuuma bibi.

Wapendwa mnaosubiri safari, msifiche mbegu kwenye mizigo. Bila kibali zinachukuliwa uwanja wa ndege. Mkifika, ulizeni bustani za jamii mapema, hata kama nje ni theluji, maana viwanja hugawiwa kabla ya kulima. Na wazee wasiachwe nyumbani. Wapeni jembe.