Mita Sitini Zinaanzia Wapi?

Nianze kwa kukiri. Maandishi yangu yaliyosomwa kwa makini kuliko yote si hadithi wala shairi. Ni muhtasari wa kikao cha kamati, kurasa tatu na nusu. Aliyeusoma kwa makini hayo ni mama yangu, ambaye shule aliishia darasa la nne. Na alikuta nimekosea.

Mimi ni mtoto wa sehemu mbili. Baba alikuwa Mmatengo wa milimani, huko Mbinga, kwenye kahawa na mashamba ya ngolo, yale mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki kwenye miteremko mikali. Mama ni Mnyasa wa ufukweni. Baba alipofariki, mama alikaa milimani miaka miwili, akasema baridi imemshinda, akateremka kwao. Siku hizo kote kulikuwa Wilaya ya Mbinga. Mwaka 2012 ufukwe ulimegwa ukawa Wilaya ya Nyasa, makao makuu Mbamba Bay. Mama husema yeye hakuhama wilaya, ila wilaya ndiyo iliyomhama.

Zamani kuteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ilikuwa safari ya kumuaga mtu vizuri kabla hujaondoka. Masika gari linazama kwenye matope, abiria mnashuka mnasukuma, mnafika usiku. Sasa ni lami, kilomita sitini na kitu, unateremka kona kwa kona na ziwa linakuja chini yako kama shuka la buluu. Lami ni neema, sikatai. Lakini lami haileti mabasi peke yake. Inaleta watu wenye viatu safi wanaouliza, "Hiki kiwanja cha ufukweni ni cha nani?"

Swali hilo ndilo lililofanya kijiji chetu kiharakishe mpango wa matumizi ya ardhi. Kwa wasiojua mambo haya yanavyokwenda: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, lakini haiwezi kumgawia mtu kipande bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Na mkutano mkuu ni kila mkazi mtu mzima, kuanzia miaka kumi na minane. Mpango wa matumizi ndio unaosema hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa hifadhi. Unasimamiwa na kamati ambayo jina lake likiandikwa lote linajaza mstari: Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji. Watu wanasema "kamati ya ardhi" tu.

Ilikuwa Februari. Mimi nilikuwa nyumbani, kati ya kazi moja iliyokwisha na nyingine ambayo haikuwa imefika. Jioni moja mama aliweka sahani ya ugali wa mihogo na dagaa mbele yangu, akasema bila kunitazama, "Nataka kuomba nafasi kwenye ile kamati."

Nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, lakini nilicheka. Mama si mtu wa mikutano. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kanisani. Mbele ya watu anashika ncha ya kanga na sauti inashuka.

"Kamati ile kuna kusoma ramani, mama."

"Ramani ya nini? Mimi sijui mpaka wa nani unaishia wapi?"

Hapo nikanyamaza. Kweli anajua. Anajua mti upi ulikuwa mpaka kabla haujakatwa, na nani aliukata.

Lakini mama hakutaka kiti kwa ajili ya mipaka ya watu wengine. Alikitaka kwa ajili ya vichanja. Kama hujawahi kufika kwetu, fikiria mchanga mrefu, na juu yake meza za fito zilizotandikwa nyavu kuukuu. Hapo wanawake wanaanika dagaa. Mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa wananunuliwa kwa ndoo, wanaanikwa, wanageuzwa, jua likiwa zuri siku haiishi wamekauka. Ada yangu ya sekondari ilitoka pale. Na habari zilikuwa zimeenea kwamba kwenye mpango mpya, ule mchanga wote utaandikwa "hifadhi ya ufukwe", na juu yake kidogo "eneo la uwekezaji". Vichanja havikuwa na neno lao.

Nikamwandikia hotuba. Ukurasa mmoja, nimeipiga msasa ikang'aa. Ilikuwa na "ushirikishwaji", ilikuwa na "maendeleo endelevu". Nikamsomesha jioni tatu. Alirudia kwa utiifu, kama mtu anayekunywa dawa.

Siku ya mkutano mkuu watu walikaa chini ya mwembe, wanaume kwenye madawati ya shule, wanawake wengi kwenye mikeka na vigoda walivyobeba wenyewe. Wagombea waliitwa mbele mmoja mmoja, dakika tatu za kujieleza. Wanaume walijieleza vizuri sana. Mmoja alitaja vyeo vyote alivyowahi kushika tangu akiwa kiranja wa mazingira. Zamu ya mama ilipofika alisimama, akashika ncha ya kanga, akaangalia karatasi yangu, akaikunja.

"Mnanifahamu," alisema. "Naanika dagaa pale chini. Nikikaa kwenye kamati, nitakaa mpaka kikao kiishe. Basi."

Akarudi kwenye safu. Watu wakacheka, na mimi nikatamani mchanga unimeze. Kisha wagombea wakageuzwa, migongo kwa watu, nyuso ziwani, wasione nani anamnyooshea mkono nani. Mikono ikahesabiwa. Mama alipita, na hakuwa wa mwisho. Baadaye mzee mmoja aliniambia sababu, kana kwamba ananifundisha hesabu: "Hawa wengine wakishapata posho ya chai wanaondoka. Mama yako kasema atakaa."

Niwaambie kidogo kuhusu upande wa baba, maana usiku ule niliufikiria. Wamatengo walikuwa na kitu kinaitwa sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, na baada ya kula waliongea mambo: ugomvi, mipaka, nani kamwoa nani, kijana gani hajalima. Vijana walijifunza kwa kukaa na kusikiliza. Mimi sikuiwahi, niliisikia kwa baba, aliyeisimulia kwa hamu kama mtu anayesimulia chakula. Wengine hawakuisahau kabisa. Kule Kindimba, wanakijiji waliposhirikiana na watafiti wa SUA kujenga kinu cha kusaga kwa nguvu za maji, kamati yao waliita Sengu.

Nimeipenda sengu maisha yangu yote, kwa namna ambavyo watu wa vitabu tunapenda vitu ambavyo hatukuvikuta. Usiku ule ndipo nilipojiuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza baba: wakati wanaume wanakula na kuamua, aliyepika alikuwa wapi? Alikuwa jikoni, anasikia sauti bila maneno. Leo sheria inadai robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake, na kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye watu saba, wasipungue watatu. Huwa tunazisoma namba hizo kama takwimu za semina. Kwa mama zilikuwa njia ya kutoka jikoni.

Sasa kosa langu.

Kikao cha kwanza cha kamati kilikaa Machi, ofisi ya kijiji. Mtendaji alikuwa na kazi nyingi, akaniomba nikae pembeni niandike, "uweke sawa Kiswahili". Nilifurahi. Nilijiona nina faida. Kikao kilienda saa nne. Karibu na mwisho walifika kwenye ufukwe, na mjumbe mmoja akaeleza, kwa usahihi kabisa, kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita sitini kutoka ziwani. Kwa hiyo mchanga ni hifadhi, mjadala umekwisha.

Mama akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hizo mita sitini zinaanzia wapi?"

"Zinaanzia kwenye maji, mama."

"Maji ya mwezi gani?"

Watu wakacheka. Mtu akasema tusipoteze muda, wapima wakija watajua wenyewe. Kikao kikafungwa kwa sala.

Nikaenda nyumbani kuandika. Msomaji, unayajua maandishi ya namna ile. "Wajumbe walijadili kwa kina." "Kwa kauli moja waliazimia." Ni nathari yenye kanuni zake, na kanuni ya kwanza ni kwamba kila mtu alikubaliana. Nilipofika kwa mama nilisita. Maneno yake yalikuwa swali, si hoja. Yalichekwa. Hayakujibiwa, na muhtasari hauna mahali pazuri pa kuweka swali lisilojibiwa. Nikaandika: "Mjumbe mmoja alichangia kuhusu ufukwe. Wajumbe waliridhia eneo hilo kuwa hifadhi." Ikakaa vizuri. Nikachapa, nikapeleka.

Hakuna aliyenituma nifanye hivyo. Ingekuwa rahisi zaidi leo kama kungekuwa na mkubwa fulani aliyenishika mkono. Nilifanya kwa sababu sentensi ilipendeza zaidi bila yeye.

Nakala ya mjumbe ilimfikia mama. Usiku, binti wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alimsomea kwa mwanga wa taa ya sola, taratibu, kila mstari. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Nilisikia mtoto akifika pale, na kimya. Kisha mama: "Rudia hapo." Mtoto akarudia. Mama: "Huyo mjumbe mmoja ni nani?"

Asubuhi hakuniambia kitu. Alinipa chai na muhogo kama kawaida. Ningependa angenigombeza.

Kikao cha pili kilikuwa mwisho wa Aprili. Kila kikao kina ajenda ambayo watu huipita wakitafuta kalamu: kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho, tayari anafungua ukurasa mwingine. Mama alisimama. Hakushika kanga.

"Ukurasa wa tatu. Maneno yangu hayamo. Niliuliza mita sitini zinaanzia wapi, na maji ya mwezi gani. Yaandikwe. Na iandikwe kwamba sikujibiwa."

Mwenyekiti akanitazama. Wote wakanitazama. Kisha mama akaeleza kile ambacho mwezi Machi hakuna aliyempa nafasi akieleze, na mimi mwanawe sikuwa nimeuliza. Ziwa linahama. Mvua zikiisha, mwezi wa tano, limejaa, linapanda mchangani. Kufika Novemba limerudi nyuma, unatembea pakavu mahali ulipokuwa unaoga. Vichanja vinahama nalo, ndiyo maana ni vya fito, havina msingi, hakuna cha kudumu pale. Wapima wanakuja Mei. Wakipima Mei, mita sitini zitapanda mpaka kwenye nyumba za watu. Wakipima Novemba, zitaishia mbali chini. "Sasa mimi nauliza tu," alisema, "sheria inasema maji yapi?"

Safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu wawili kati ya wajumbe walikuwa na nyumba hapo juu.

Niliandika. Niliandika neno kwa neno, kwa kalamu, mbele yao, na mkono ulikuwa mzito. Ni mistari minne, si mizuri. Kuna "maji maji" mara mbili mahali pamoja. Sikuigusa.

Wapima walikuja Mei, ziwa likiwa limejaa. Mtendaji aliwapa ule muhtasari. Mkubwa wao, mtu mpole, aliusoma amesimama, akaenda mpaka kwenye maji, akarudi. Akasema swali ni la haki na jibu hana yeye, atalipeleka wilayani. Wakapigilia vigingi vya mambo mengine. Kwa upande wa ufukwe, kwenye rasimu ya ramani, mstari ulichorwa kwa penseli.

Bado ni penseli. Sitaki kuwadanganya kwamba mama alishinda. Wenye viatu safi bado wanakuja, na penseli inafutika. Lakini kwa wino, kwenye faili la kijiji, kuna swali, na juu ya swali kuna jina la aliyeuliza. Atakayetaka kulipita itabidi kwanza alisome.

Novemba nilirudi kumsalimia. Asubuhi tuliteremka pamoja mpaka mahali maji yalipokuwa Mei, ambapo alikuwa amechomeka ufito. Akaniambia nihesabu hatua kutoka hapo hadi majini. Nilihesabu hatua thelathini na nane. Nikamwambia.

"Andika," akasema, na akaenda kugeuza dagaa.