Kwa Miguu Kutoka Msitu wa Sokoke Hadi Mikokoni Mida

Akina mama wengi tukisikia neno Pwani, mawazo hukimbilia mchanga mweupe, watoto wakiogelea, na bei ya hoteli. Likizo ya shule inapokaribia, baba na mama huketi na kupiga hesabu, na mara nyingi hesabu hukataa. Mwezi huu tungependa kuwapeleka, wasomaji wapendwa, kwenye Pwani nyingine: ile ya kutembea kwa miguu, polepole, mtoto ukiwa umemshika mkono na mwongozaji yuko mbele. Iko katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kusini kidogo ya Malindi, mahali ambapo msitu wa Arabuko-Sokoke unakaribiana na hori la Mida na Bahari ya Hindi. Kwa siku moja tu, familia inaweza kuwa msituni asubuhi na mikokoni jioni.

Sisi tulikuwa akina mama tisa wa kikundi kimoja cha kanisa, watoto kumi na wanne, na waume watatu waliokubali kubeba maji. Tulishuka kwenye matatu karibu na Gede alfajiri, tukalipa kiingilio katika kituo cha msitu, tukapewa mwongozaji kijana aliyezaliwa kijiji cha jirani. Jambo la kwanza alilotuomba ni kunyamaza. Akina mama tuliangaliana, tukacheka, kisha tukajaribu.

Msitu unaosomwa kwa udongo

Zamani misitu ya namna hii ilienea pwani ya Afrika Mashariki kwa mwendo mrefu. Leo imebaki vipande vipande. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, ndio kipande kikubwa kuliko vyote vya msitu mkavu wa pwani kilichosalia katika eneo letu. Ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1943.

Mwongozaji alitufundisha kuusoma msitu kwa kutazama chini. Upande wa karibu na bahari miti ni ya kila aina, imechanganyika, na humo ndimo anapopatikana mbambakofi, mti ulioheshimiwa na maseremala wa milango na majahazi. Ukiingia ndani unafika kwenye mchanga mweupe, na hapo miti ya jamii ya miombo husimama kwa nafasi, jua likipenya katikati yake. Ukiendelea magharibi udongo unageuka mwekundu, na miti inakuwa mifupi, imesongamana, giza likiwa jirani hata saa nne asubuhi. Kila udongo una watu wake, alisema, akimaanisha wanyama.

Watoto walikuja wakitarajia simba. Hakuna simba Arabuko-Sokoke. Tembo wapo, ila hujificha, nasi tuliona kinyesi chao na miti waliyoivunja. Mnyama mashuhuri wa msitu huu ni mdogo kuliko paka. Ni sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, na miguu myembamba. Tulimsikia kabla ya kumwona: majani makavu yalilia, kisha mkia ukapiga chini mara kadhaa, na mwanga wa njano ukapita kati ya vichaka. Watoto walisahau simba.

Sange huyu hapatikani popote duniani ila pwani ya Kenya. Ingawa ana umbo la panya mkubwa, wataalamu wamegundua kwamba undugu wake na tembo ni wa karibu kuliko undugu wake na panya. Anaishi na mwenziwe mmoja katika eneo lao, mke na mume, lakini kila mmoja hujitafutia wadudu peke yake. Akiingia sange dume mgeni, dume mwenyeji ndiye anayemfukuza; akiingia jike, kazi hiyo ni ya jike. Mama mmoja wetu alisema huo ni mpango mzuri wa nyumba. Tena hujenga vitanda vingi vya majani na kuhamahama kati yake, ili adui asijue amelala wapi leo. Mtoto wake hukaa kitandani kama majuma mawili, kisha humfuata mama kwa siku chache, halafu huanza maisha yake.

Kwenye udongo mwekundu mwongozaji aliingia peke yake kichakani, akarudi baada ya dakika ishirini akatuashiria tumfuate mmoja mmoja. Juu ya tawi, chini kidogo ya urefu wa mtu, bundi wawili walikuwa wamelala wamegusana mabega. Ni bundi wa Sokoke, mfupi kuliko rula ya shule, na mbali na msitu huu hujulikana pia kwenye vilima vya chini vya Usambara huko Tanzania. Kwetu wengi tumelelewa tukiambiwa bundi ni mkosi. Tulimtazama yule mdogo akifungua jicho moja la njano na kulifunga tena, tukaona kiumbe aliyechoka kama mama mwenye mtoto mchanga.

Msitu huu una na siri zake. Kuna ndege wa jamii ya mnana, aitwaye mnana wa Clarke, anayejulikana katika Kaunti ya Kilifi pekee. Kwa miaka mingi wataalamu walimwona akila hapa kwa makundi, lakini hakuna aliyejua anatagia wapi. Viota vyake vilipatikana mwaka 2013 tu, kwenye kinamasi cha Dakatcha kaskazini ya hapa.

Swali la mama mwenye jembe

Uzuri huu wote una jirani. Ukitoka msituni tu unakutana na mashamba ya mahindi na mihogo, na akina mama wenye majembe. Wao ndio wanaoamka na kukuta nyani wamemaliza mahindi. Wao ndio wanaohitaji kuni za kupikia jioni. Katika miaka ya 1990 wakulima wengi wa kandokando walitaka msitu ukatwe na kugawanywa mashamba. Tusiwalaumu haraka. Mama mwenye watoto sita na ekari chache za mchanga, akiambiwa alinde sange, ana haki ya kuuliza: sange atanilipia karo?

Jibu moja lilianza mwaka 1993 pale Gede, kwenye uwanja wa magofu ya mji wa kale. Mradi wa Kipepeo uliwafundisha wakulima, akina mama wakiwemo, kufuga viwavi wa vipepeo wa msituni. Kiwavi akishajikunja na kutulia kabla ya kuota mabawa, huuzwa na kusafirishwa ng'ambo, Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ambako watu hulipa kuingia kuwatazama vipepeo wakiruka. Ili kupata viwavi lazima uwe na vipepeo, na ili kupata vipepeo lazima uwe na msitu. Hapo mti uliosimama ukaanza kuleta unga nyumbani. Baadaye ufugaji wa nyuki ukaongezea asali.

Jibu la pili tulilikuta ng'ambo ya barabara kuu, jioni ya siku hiyo hiyo.

Mikokoni Mida

Tulipumzika Gede kwa mahamri, mbaazi na madafu, watoto wakalala kidogo kwenye leso kivulini. Saa tisa na nusu tukateremka hori la Mida. Maji yalikuwa yakipwa.

Hapo kuna njia ya mbao inayoning'inia kwa kamba kupitia katikati ya mikoko, yenye urefu wa kama mita 260, hadi kwenye kibanda cha kujificha ukitazama ndege. Inatikisika. Watoto waliipenda kwa sababu hiyo hiyo iliyotufanya sisi tuishike kamba kwa mikono miwili. Chini yetu kaa wadogo walitoka mashimoni, madume yakipunga gando moja kubwa hewani kama mtu anayeita matatu.

Mkoko una jambo la kumfundisha mama. Mbegu yake haidondoki ikiwa mbegu. Huota ikiwa bado imeshikamana na mti mzazi, hurefuka kama fimbo ya kijani, na huachiliwa ikiwa tayari kusimama kwenye tope au kuelea hadi ipate mahali pake. Mti umejua kwamba nje kuna chumvi na mawimbi, basi haumtoi mtoto kabla ya wakati.

Kwenye kibanda tuliwaona ndege waliotufanya tunyamaze bila kuambiwa: weupe, wenye weusi mgongoni, miguu mirefu, midomo minene ya kuvunjia kaa. Hawa hutagia mbali, kwenye fukwe na visiwa vya kando ya Bahari ya Arabuni na Ghuba, pamoja na Oman. Huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Kisha husafiri hadi kwetu, na hata wakishafika huku wazazi huonekana bado wakimlisha mtoto wao.

Njia hiyo ya mbao ni ya shirika la Kikristo la A Rocha, lililoanzia Ureno mwaka 1983 na ambalo lina kituo Watamu. Mwaka 2001 tawi lake la Kenya lilianzisha mpango wa kusaidia karo za shule ya sekondari kwa watoto wa familia zinazozunguka msitu na hori hili. Kiingilio tulicholipa mlangoni kinaingia katika mfuko huo. Tulikaa kimya tena tulipoelezwa hivyo. Ile furaha ya watoto wetu juu ya kamba ilikuwa ni daftari na karo ya mtoto wa mama mwingine, yule mwenye jembe. Na yeye, akiuacha mkoko usimame, anatulindia watoto wetu mahali pa kuja.

Ukitaka kwenda na familia

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Jua likishapanda wanyama hujificha. Chukua mwongozaji kila mara, kwani msituni kuna tembo na nyati, na jicho lako peke yako halitamwona bundi. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na uwapake watoto dawa ya mbu. Kwa hori, uliza kwanza saa za maji kupwa na kujaa. Ndege wa kutoka mbali ni wengi kuanzia Septemba hadi Aprili; mvua za masika zikianza, njia za msitu huwa tope.

Beba maji kwenye chupa za kutumia tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi nchini Kenya. Chakula nunua kwa wenyeji. Pale Dabaso, kando ya hori, kikundi cha wanakijiji huuza sambusa za kaa ambazo waume wetu watatu bado wanazizungumzia.

Na usiwaahidi watoto simba. Waahidi kwamba atakayenyamaza zaidi ataona zaidi.

Zaburi ya 104 huwataja punda mwitu, ndege wa matawini, pelele wa majabalini na viumbe wadogo wa baharini wasiohesabika, kila mmoja akipewa chakula chake kwa wakati wake. Wengi wetu tumeisoma tukiwa tumeketi kwenye viti vya kanisa. Inafaa watoto wetu waisome pia wakiwa wamesimama, miguu ikiwa na vumbi. Tena tukumbuke kwamba Mungu huyo anayemlisha sange ndiye amlishaye mama anayeishi ukingoni mwa msitu, na mara nyingine humlisha kwa mkono wa mgeni aliyelipa kiingilio na kutembea kwa adabu. Kikundi chenu kikipanga safari mwaka huu, wekeni hesabu hiyo mezani pamoja na nauli.