Nilifunga Mwanya, Nikaficha Habari

Mtafiti wa usalama aliponiandikia kwamba programu-jalizi yangu ina mwanya unaoruhusu mtu kupenyeza skripti, niliuziba upesi. Kisha nikatoa toleo jipya, na pale pa kueleza kilichobadilika nikaandika: "Maboresho madogo." Kosa ninaloliungama hapa ni maneno hayo mawili. Msimbo mbovu niliuandika kwa kutojua. Maneno yale niliyaandika nikijua.

Plagini hiyo ilikuwa ya WordPress, na kazi yake ilikuwa kupokea maoni ya wageni: jina, mahali mtu atokako, nyota kati ya moja na tano, na sentensi chache kuhusu safari, chakula au chumba alicholala. Mwenye tovuti huyapitia kwanza, akiridhika anayaruhusu yaonekane. Walioitumia walikuwa wenye nyumba za wageni, migahawa na kampuni ndogo za utalii. Wengi wao hawana fundi wa kudumu. Walipoiweka plagini yangu kwenye tovuti zao walinifanya mimi fundi wao, bila mkataba, kwa kuniamini tu.

Mwanya wenyewe nataka niueleze taratibu, kwa sababu naamini uko katika plagini nyingi zinazotumika leo. Kila alichoandika mgeni nilikipitisha kwenye sanitize_text_field kabla ya kukihifadhi. Fanksheni hiyo ya WordPress huondoa tagi za HTML, nafasi za ziada na mistari mipya. Alama za nukuu haizigusi. Mimi nikaona tagi zimeondoka, nikaamini data imekuwa safi. Halafu kwenye ukurasa wa msimamizi, pale mwenye tovuti anapoweza kusahihisha maoni kabla ya kuyaruhusu, nikayachapa maneno yale moja kwa moja ndani ya kisanduku cha fomu, katikati ya alama mbili za nukuu.

Hapo ndipo pa hatari. Mtu akijaza sehemu ya "Unatoka wapi?" kwa kuanza na alama ya nukuu, alama hiyo inakifunga kisanduku kabla ya wakati wake. Yanayofuata kivinjari hakiyasomi tena kama jina la mji. Kinayasoma kama maelekezo. Mshambuliaji anaongeza onfocus yenye JavaScript ndani yake, kisha autofocus ya kukifanya kisanduku kijichague chenyewe ukurasa unapofunguka, na hajatumia tagi hata moja. Mwenye tovuti haombwi kubofya chochote. Anafungua maoni mapya ayasome, kazi yake ya kila siku, na skripti ya mtu asiyemjua inaanza kufanya kazi ndani ya kivinjari chake, kwa mamlaka yake yote.

Nilijiliwaza kwamba vidakuzi vya kuingilia WordPress vimewekewa ulinzi wa HttpOnly, kwa hiyo JavaScript haiwezi kuvisoma. Ni kweli, lakini mshambuliaji wa namna hii hana haja ya kuiba kidakuzi. Skripti yake tayari imo ndani ya kikao cha msimamizi. Inaweza kuomba ukurasa wa kuongeza mtumiaji, ikasoma tokeni iliyowekwa kuzuia maombi ya kughushi, ikajaza fomu na kuituma. Seva haina namna ya kulitofautisha ombi hilo na la mwenye tovuti. Akaunti mpya ya msimamizi inaundwa huku mwenye mali bado anasoma maoni ya mgeni aliyesifia chai.

Na sikuwa na kisingizio cha kusema jambo hili ni geni. Kituo cha CERT kilichokuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kilitoa tahadhari juu yake Februari 2000. Oktoba 2005 kijana Samy Kamkar aliweka skripti kwenye ukurasa wake wa MySpace, ikajinakili kutoka ukurasa hadi ukurasa na kufikia watumiaji zaidi ya milioni moja katika muda usiotimia siku nzima. Hayo nilikuwa nimeyasoma.

Nilikuwa nimesoma pia yaliyotokea Aprili 2015, ambayo yananiuma zaidi kila nikiyakumbuka. WordPress ina fanksheni mbili za kuongeza na kuondoa vipengele kwenye anwani ya ukurasa, add_query_arg na remove_query_arg. Nyaraka zake rasmi hazikuwa wazi, na watengenezaji wengi waliamini kwamba anwani inayotoka humo imekwisha kusafishwa. Haikuwa hivyo. Waliokutwa na kosa hilo hawakuwa wanagenzi: walikuwemo watengenezaji wa Jetpack, wa plagini za Yoast, wa Gravity Forms, wa All in One SEO Pack. Waliwasiliana wao kwa wao na timu ya usalama ya WordPress, wakapanga siku, wakatoa marekebisho kwa pamoja, wakawaambia watumiaji wao waziwazi: kuna mwanya, sasisheni sasa. Mimi niliposoma habari ile nilikagua msimbo wangu kutafuta fanksheni zile mbili. Sikuzikuta, nikaendelea na kazi zangu. Sikujiuliza ningefanya nini siku yangu ikifika.

Ilipofika, wazo langu la kwanza kuhusu marekebisho lilikuwa baya nalo. Nilitaka kuondoa alama zote za nukuu wakati wa kupokea maoni. Yule mtafiti, mtu mvumilivu kuliko nilivyostahili, alinionyesha mambo mawili. Kwanza, sumu iliyokwisha kuingia kwenye hifadhidata ingebaki pale pale, kwa sababu chujio la mlangoni halisafishi kilichomo ndani. Pili, ningeharibu majina ya watu na mahali. Mgeni kutoka Chang'ombe au Ng'ambo angeandikiwa mahali pasipokuwepo. Alama ya ritifaa ni sehemu ya maandishi yetu, haina hatia. Inakuwa hatari pale tu inapochapwa mahali ambapo kivinjari kinaisoma kama mpaka wa msimbo.

Kwa hiyo ulinzi unakaa kwenye kutoa. Maneno yahifadhiwe yalivyo, yakiwa yamekaguliwa kiasi, na makali yake yavuliwe dakika ya mwisho, kulingana na pale yanapokwenda. Yakienda ndani ya kisanduku au sifa yoyote ya tagi, esc_attr. Yakienda kama maandishi ya kawaida ya ukurasa, esc_html. Yakiwa anwani ya kiungo, esc_url, maana esc_attr peke yake haizuii anwani inayoanza na javascript. Ukitaka kuruhusu herufi nzito na viungo lakini si kila kitu, wp_kses_post. Data inayoingia ndani ya skripti ipitie wp_json_encode. Wanaotumia PHP tupu nao wakumbuke kwamba htmlspecialchars, kabla ya toleo la 8.1, haikuigusa ritifaa isipokuwa umeiagiza. Nimekutana na msimbo mwingi wa zamani unaotegemea fanksheni hiyo huku sifa za tagi zimefungwa kwa ritifaa, na kila mmoja una mlango wazi.

Hayo yote niliyafanya. Plagini ikawa salama. Kisha nikaandika "Maboresho madogo."

Sababu niliyojipa ilikuwa kwamba kutangaza mwanya ni kuwaonyesha wezi pa kupitia. Nikiwa mkweli, sababu hiyo niliiazima baadaye ili kuifunika ya kwanza, ambayo ilikuwa aibu. Niliogopa nyota zangu zipungue. Niliogopa mteja mmoja mkubwa aniondoe. Hata ile hoja ya wezi haisimami, kwa sababu msimbo wa plagini zilizo kwenye hazina ya WordPress uko wazi kwa kila mtu. Anayetaka kujua nilichobadilisha analinganisha toleo la zamani na jipya, mstari kwa mstari, na esc_attr iliyoongezwa inamwambia kila kitu. Wasioweza kusoma tofauti hizo ni wenye tovuti. Kimya changu kiliwafumba macho wao tu.

Najua upande wa pili una hoja yake. Mei 2023, mwanya wa namna hii ulipotangazwa katika Advanced Custom Fields, plagini yenye watumiaji zaidi ya milioni mbili, kampuni ya Akamai iliona majaribio ya kuutumia ndani ya saa 24 tangu mfano wa shambulizi uchapishwe. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu achapishe mfano wa shambulizi siku ileile anayotoa marekebisho. Maelezo ya ndani yanaweza kusubiri. Lakini kusema kwamba toleo hili linaziba mwanya wa usalama, kwamba ni zito, na kwamba mtu asasishe leo, hakumpi mshambuliaji chochote ambacho msimbo haujampa.

Mmoja wa walioitumia plagini yangu ni mama mwenye kampuni ndogo ya utalii kaskazini mwa Tanzania. Sasisho moja la plagini nyingine liliwahi kumvurugia ukurasa wa kuweka nafasi wakati wa msimu, na tangu hapo kijana anayemsaidia alizima masasisho ya kujiendesha. Kabla ya kusasisha chochote anasoma kwanza kilichobadilika, na lisilo la lazima analiacha. Alisoma maneno yangu mawili, akaliacha. Ni uamuzi ambao hata mimi ningeufanya kwa taarifa niliyompa.

Washambuliaji wakaingia kwa mwanya uleule. Waliongeza akaunti ya msimamizi, wakaweka plagini yao, na watalii waliofungua tovuti kwa simu wakawa wanapelekwa kwenye kurasa za zawadi za uongo. Aligundua kwa kupigiwa simu na mgeni aliyedhani kampuni yake ni ya matapeli. Nilimwendea mwenyewe kuisafisha tovuti. Nilipomweleza njia waliyopitia, aliniuliza, "Mwanangu, hili ulilijua kabla?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama, nililijua." Hakunifokea. Aliuliza jambo jingine ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa: majina, simu na tarehe za safari za wageni wake zilikuwa humo humo, sasa awaambie nini? Swali hilo si lake peke yake: nchini Kenya, ambako pia nina watumiaji, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwenye kushika taarifa za watu saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ajue kwamba zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Mimi niliwaacha watumiaji wangu, wa Kenya na wa kwingine, bila njia ya kujua kwamba saa hizo zinaweza kuwa zimeanza kuhesabika.

Nimeyarekebisha maelezo ya toleo lile. Sasa yanasema lilikuwa marekebisho ya usalama, yanataja aina ya mwanya, na yanasema kwamba mwanzoni nililificha hilo. Nimewaandikia wote ambao nina anwani zao. Ambao sina, nawaandikia hapa.

Kama tovuti yako ina fomu ya maoni ya wageni niliyoitengeneza mimi, sasisha kwanza. Kisha fungua orodha ya watumiaji na uangalie wasimamizi mmoja mmoja. Tazama plagini ambazo hukumbuki kuziweka. Angalia folda ya uploads: humo hukaa picha na hati, faili la PHP kwa kawaida halina kazi pale. Badilisha funguo za siri zilizo kwenye wp-config.php ili kila aliyeingia atolewe, wewe ukiwemo, halafu badilisha nenosiri. Ukikuta akaunti usiyoijua, nakili jina lake, barua pepe na tarehe iliyoundwa kabla ya kuifuta, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo itakayoonyesha ni taarifa za wageni gani zilikuwa wazi. Kisha niandikie. Kazi ya kusafisha ni yangu, na sitakutoza.