Safari Yetu ya Msitu wa Shengena

Sisi tukaao Bendera twaijua milima ya Upare kwa kuitazama kutoka chini. Kila asubuhi twainua macho kuona kama kileleni pana wingu. Maana wingu likikosa huko juu, maji hukosa huku kwetu. Bendera ni bondeni, kati ya milima ya Upare na ya Usambara, nchi ya mibuyu na miiba, na mvua yake haina ahadi. Lakini katika miaka yote hiyo hatukupata kupanda tuone mahali maji yatokapo. Mwaka huu, mavuno yalipokwisha, tulikata shauri kwenda: walimu watatu na vijana wawili, tukiwa na mahema mawili ya kuazima.

Mwenzetu mmoja alitangulia Same kulipa ada na kupata kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa msitu ule ni hifadhi, wala mtu haingii kama aingiavyo shambani mwake. Sisi wengine tulishika njia ya ukingo wa mlima, tukapita Kihurio, Ndungu na Maore hata Kisiwani, tulikopatana naye. Mkono wa kuume ilikuwa nyika ya Mkomazi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Mkono wa kushoto milima yenyewe. Ndungu tulisimama kidogo kutazama mashamba ya mpunga, ambayo mifereji yake ilijengwa kwa msaada wa Wajapani katika miaka ya 1980, nayo hunywa maji ya mto Yongoma. Mmoja wetu ni mkulima wa mpunga, na kila mwaka hugombana na watu wa juu yake juu ya zamu ya maji. Alisema waziwazi kwamba yeye hakuja kutazama miti, amekuja kuwakamata wezi.

Kutoka Kisiwani tulipanda kwa miguu mpaka Mbaga, na magoti yetu ya bondeni yalitusema vibaya sana. Njiani tulionyeshwa ndiva, yaani birika kubwa la udongo na mawe ambalo Wapare tangu zamani hulichimba ubavuni mwa mlima. Usiku maji ya kijito hukusanyika humo, na asubuhi mlango wake hufunguliwa, kila mwenye zamu akapata fungu lake. Yule ndugu wa mpunga aliizunguka mara mbili, akatazama mlango wake, akanyamaza.

Tulilala Mbaga. Kulipokucha tulimpata kiongozi, mzee mkimya wa milimani, tukaingia msituni pamoja naye. Hifadhi hii huitwa Chome. Ukubwa wake ni hekta 14,283, na ndani yake kimo kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote vya Upare, chapata mita 2,460 juu ya bahari. Mtu aliyezoea jua la Bendera huingia humo kama aingiaye nyumba iliyofungwa madirisha. Miti imesimama minene, vigogo vimevikwa manyoya ya kijani, na kangaga huota kubwa kama migomba. Kila jani lilikuwa limelowa, ijapokuwa siku ile mvua haikunyesha. Kima walitutukana kutoka juu. Mzee akatuonyesha ndege mdogo wa rangi ya kijani, mwenye duara jeupe kulizunguka jicho. Ndege huyo hapatikani mahali pengine ulimwenguni ila katika milima hii ya Upare ya Kusini. Wataalamu walimwandika mwaka 1934, wakampa jina la Bibi Winifred Moreau, ambaye mumewe alikuwa mchunguzi wa ndege kule Amani, Usambara. Tulistaajabu kwamba kiumbe kilichoandikwa katika vitabu vya Ulaya kilikuwa jirani yetu, nasi hatukujua hata jina lake.

Jioni tulipiga hema mahali palipokwisha kuwekwa kwa kazi hiyo, maana moto hauruhusiwi popote tu. Kuhusu baridi hatutaandika mengi. Vijana walivaa soksi mikononi. Usiku wa manane tukasikia mvua juu ya hema, tp, tp, tp, tukaanza kulia habari ya mizigo iliyoachwa nje. Mzee akacheka, akamwita mkulima wetu, akamwongoza kwa mkono mpaka mahali pa wazi. Huko hapakuwa na tone. Wakarudi chini ya miti: yadondoka. Ndipo mzee akaeleza kwamba upepo utokao Bahari ya Hindi hupanda mlima huu ukiwa na unyevu, ukageuka ukungu; majani huukamata ukungu huo, na maji yakatiririka mpaka chini ya shina. Hivyo mti hujinywesha, na uzidio huenda kwenye vijito. Vijito hushuka hata mto Mkomazi, na Mkomazi huingia Pangani, mpaka baharini tena. Mkulima akauliza, “Na mti ukikatwa?” Mzee akasema, “Ukungu utapita tu, baba.”

Asubuhi, njiani kwenda kileleni, tulikuta shimo la kale la kupasulia mbao, limejaa majani. Kando yake palikuwa na kisiki ambacho watu watatu walioshikana mikono wasingeweza kukizunguka. Mzee alisema ni mkulo. Katika ujana wake yeye mwenyewe alikuwa mpasuaji, akashika msumeno upande wa chini, ambako unga wa mbao humwangukia mtu machoni. Akabandua kipande cha ganda, akatupa tunuse. Ilikuwa harufu kali, kama kafuri.

“Walimu, mwaijua harufu hii?”

Hakuna aliyejibu upesi. Kisha kijana mmoja wetu akasema, “Ni harufu ya kanisani kwetu.”

Ndugu zetu, ilikuwa kweli. Miaka michache iliyopita tulinunua mbao za mabenchi kutoka kwa mtu aliyekuja na gari usiku. Bei yake ilikuwa nafuu mno, wala mbao hazikuwa na alama ya nyundo ya serikali, wala mchukuzi hakuonyesha hati. Tuliziona nzuri, tukashukuru. Kama hazikutoka katika msitu huu, zilitoka katika mwingine kama huu. Mfalme Sulemani alipotaka mierezi ya Lebanoni alituma kwa Hiramu, akalipa ngano na mafuta. Sisi hatukuuliza hata jina la mlima. Na yule aliyekuja kutafuta wezi wa maji, mwaka ule ndiye aliyekuwa mtunza fedha.

Mzee hakutulaumu. Alituonyesha machipukizi yaliyoota kutoka mizizi ya kisiki kile, mengine yamekwisha kumpita mtu kwa urefu, akasema kwamba mkulo huzaa hivyo kuliko kwa mbegu, ila hutaka kuachwa. Tukafika kileleni, lakini ukungu ulikuwa mwingi, hatukuiona Bendera.

Tuliporudi tuliwaeleza wazee wa kanisa mambo yote. Mmoja alisema mti uliokwisha kufa hauna hatia, tukae tu. Mwingine alitaka tupeleke habari kwa ofisi ya misitu, hata tukitozwa faini. Shauri la pili lilishinda kwa kura mbili, na mtunza fedha wa zamani ndiye aliyeichukua barua kwa mkono wake. Majibu hayajaja bado. Yamebaki mabenchi sita ya kutengenezwa, nasi tumeagiza mbao za miti ya kupandwa, zenye alama na hati. Ni ghali zaidi, na kwa sasa watoto wanakaa mikekani.