Siku Tano Kampala kwa Mfuko wa Mwalimu wa Madrasa



Ndugu wasomaji wapenzi, kila likizo za shule zinapokaribia nasikia wazazi wakisema kwamba kutembea ni mambo ya wenye pesa. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Nyamirambo, Kigali. Kipato changu ni michango ya wazazi wa wanafunzi, na kila mtu anajua inavyokuja: mwezi huu imetimia, mwezi ujao nusu. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 2023 niliwachukua mke wangu na watoto wetu watatu tukaenda Kampala siku tano, na tukarudi bila deni. Baadhi ya ndugu wameniomba nieleze tulifanyaje. Nami naona kuna faida, kwa sababu tulichokipata katika safari ile kilikuwa kikubwa kuliko matembezi.

Niseme kwanza kwa nini tulikwenda. Familia yetu imesafiri pamoja mara nyingi, lakini kila safari mwisho wake palikuwa na maiti au harusi. Watoto walikuwa hawajawahi kwenda mahali kwa ajili ya kutembea tu. Binti yetu mkubwa alikuwa amemaliza sekondari, na posa ilikuwa imeshaletwa na watu wa heshima. Nikahesabu nikaona kwamba huenda ndiyo likizo ya mwisho sisi watano kuwa nyumba moja.

Mama watoto hakukubali mara moja. Aliniambia, "Baba watoto, mvua za Septemba zinakuja na jikoni panavuja." Alisema kweli. Basi tukapanga utaratibu: kwanza mabati ya jiko, pili ada ya muhula, tatu deni la dukani, na kitakachobaki ndicho kitakachosafiri. Kwa miezi kumi nilifundisha tajwidi watu wazima majumbani mwao baada ya Isha, na kila nilichopewa kiliingia kwenye kibubu.

Maneno nayo hayakukosekana. Mzazi mmoja alinisimamisha nje ya msikiti akasema kwa utani wenye mwiba, "Maalim, nasikia unakwenda kustarehe Kampala. Kumbe michango yetu inatosha!" Nikamjibu, "Inatosha kwa unga, mzee wangu. Safari naitafutia usiku." Nalitaja hili kwa sababu nawajua walimu wenzangu wanaoogopa hata kuwanunulia watoto wao soda mbele za watu. Mwalimu naye ni baba, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake. Dini imetufundisha njia ya katikati, kati ya israfu na ubahili. Njia hiyo ina nafasi ya furaha ya halali.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe.

Pesa zote niliziweka katika bahasha tano: nauli, malazi, chakula, matembezi na dharura. Nusu nzima ilikwenda kwenye nauli, kwani kutoka Kigali hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Mpaka wa Gatuna ulikuwa umefungwa tangu Februari 2019, ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, na raia wa Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa watoto wasio na kitambulisho, nendeni uhamiaji mapema muulize hati zinazotakiwa, msingoje mpaka siku ya safari. Tulipanda basi la usiku Nyabugogo siku ya Jumapili. Kwa njia hiyo tuliokoa malazi ya usiku mmoja. Chakula cha njiani, chapati na mayai ya kuchemsha, tulikipika nyumbani.

Watoto walifurahia mambo yasiyolipiwa. Baada ya mpaka gari lilihamia upande wa kushoto wa barabara, na kitinda mimba wetu akapiga kelele kwamba dereva amekosea. Asubuhi tulipita Kayabwe, pale mstari wa Ikweta unapokata barabara. Niliwakumbusha pia kwamba saa ya Kampala iko mbele kwa saa moja. Adhuhuri ambayo kwetu huingia karibu na saa sita mchana, kule huingia karibu na saa saba. Msafiri asiyejua hili atashangaa akisikia adhana "imechelewa".

Kwa malazi, usiku mbili za kwanza tulilala kwa rafiki yangu niliyesoma naye zamani. Tulimpelekea majani ya chai na maharage kutoka kwetu, na mama watoto aliingia jikoni kusaidia. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi siku ya Jumatano, kabla mwenyeji hajaanza kutafuta jembe, tulihamia gesti ndogo karibu na Old Kampala, vyumba viwili, tukabaki na mapenzi yetu.

Kwa chakula, tulikula mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na mchana ndizi au matunda kutoka sokoni. Watoto walipenda sana rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai ya kukaanga, inayouzwa kando ya njia. Mwanangu wa kati alipolisikia jina alidhani nataka kumnunulia saa ya mkononi!

Matembezi tulianzia kilima cha Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa wa Uganda. Ujenzi wake ulianza miaka ya 1970 wakati wa Idi Amin, ukasimama miaka mingi, ukamaliziwa kwa msaada wa Libya. Kuingia kuswali ni bure. Mnara wake una vidato zaidi ya 300, na kutoka juu unauona mji wote na vilima vyake. Mgeni anayetaka kupanda aulize malipo langoni kabla hajaanza. Siku ya pili tulikwenda Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908. Mna ngoma na ala nyingi za muziki za makabila, na raia wa Afrika Mashariki hulipa chini ya wageni wa mbali, basi chukueni vitambulisho. Alhamisi tulishinda Ggaba, ufukoni mwa ziwa, tukiangalia mitumbwi na wauza samaki. Siku hiyo tulilipa nauli ya matatu, ambayo wenyeji huiita taksi, na samaki mmoja mkubwa tu.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni Jumatano, tulipopanda kilima cha Kibuli. Ardhi ya pale ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, na leo pana msikiti, shule na hospitali ya Waislamu. Baada ya kuswali tulikaa chini ya mti. Wakapita wasichana waliovaa hijabu na sare za uuguzi, wakicheka. Binti yangu aliwaangalia mpaka wakapotea. Kisha akasema polepole, "Baba, mimi yule kijana simkatai. Lakini natamani nisomee uuguzi kwanza."

Ndugu wasomaji, kwetu mimi hutoka baada ya Alfajiri, narudi kula, natoka tena hadi baada ya Isha. Nyumba ina vyumba viwili na wageni hawaishi. Binti angeyasema wapi maneno kama hayo? Mama yake alimshika mkono, nami nikamwuliza maswali, akayajibu yote. Alikuwa ameshafikiria hata masomo anayohitaji. Tuliporudi niliwaendea wakwe watarajiwa nikawaeleza. Haikuwa rahisi. Mjomba wa kijana aliona tunawarudisha kwa adabu. Lakini kijana mwenyewe alisema atangoja, na hadi leo anangoja, na binti yangu anasoma hapa Kigali.

Ijumaa tuliswali Ijumaa pale Old Kampala, tukapanda basi la jioni. Wanafunzi wangu watauliza kuhusu kupunguza swala: kati ya siku ya kufika na siku ya kuondoka tulinuia siku kamili tatu tu. Katika madhehebu ya Shafi, anayenuia chini ya siku kamili nne bado ni msafiri.

Nawausia machache. Lipeni haki za watu kabla ya nauli. Bahasha ikiisha, msikope kutoka bahasha ya jirani yake. Mkija Rwanda, au mkirejea, bebeni vitu katika mifuko ya nguo, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008 na itachukuliwa mpakani. Na kila siku ya safari acheni saa mbili zisizo na ratiba, mkae kivulini na watoto wenu bila haraka. Saa hizo hazilipiwi kiingilio.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari za kheri na atuhifadhie watoto wetu. Amin.

Wassalaam alaykum.