Mkataba wa Theluji na Kazi ya Ndiva

Mtu wa Mwanga huiona theluji ya Kibo kwa mbali, mbingu zikiwa safi, wala theluji ile, ambayo mwaka hata mwaka yazidi kupungua, haimdai kazi yoyote. Hailali mlangoni pake, wala haifungi njia ya duka. Walakini katika Marekani ya kaskazini theluji ni deni. Majani yanapopukutika, mwenye nyumba na mwenye duka hupatana mapema na mtu mwenye gari la kuisukuma. Ama humlipa kwa kila safari ajapo, ama humlipa fungu moja kwa majira mazima, theluji ianguke isianguke.

Mapatano haya ya pili ndiyo yafikirishayo, maana kila upande umejiweka rehani kwa mbingu. Katika mji wa Boston, majira ya baridi ya 2011 hadi 2012 hayakutimiza hata inchi 10 za theluji. Yale ya 2014 hadi 2015 yalizidi inchi 108. Mchukuzi wa theluji aliyepatana kwa fungu moja alikula karibu bure mara ya kwanza. Mara ya pili alifanya kazi usiku na mchana kwa fedha ile ile. (Na theluji, kwa inda yake, hupenda kuanguka watu wakiwa wamelala.) Ndiyo sababu wenye busara huandika kikomo: zikizidi inchi kadhaa, malipo yaongezwe.

Upareni lianzalo kazi kila majira ni tope. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Hujazwa maji ya kijito usiku, na mchana hufunguliwa, yakateremka kwa mfereji hadi mashambani kwa zamu. Mvua za vuli na masika huteremsha udongo pamoja na maji, na ndiva iliyojaa tope haina pa kuweka maji. Basi huitwa msaragambo, watu wakaja na majembe. Asiyefika hutozwa faini, na mkaidi huweza kunyimwa zamu.

Hapa pia hakuna ajuaye tope litakuwa kiasi gani. Lakini likiwa jingi, siku za kazi huwa nyingi kwa wote. Likiwa kidogo, wote hupumzika. Hakuna mmoja aliyenunua hasara ya wenzake. Isidhaniwe kwamba ni haki tupu: mwenye shamba mwisho wa mfereji huchimba sawa na jirani wa ndiva, na maji humfikia yakiwa yamenyonywa njiani. Saruji nayo, iliyosakafiwa katika baadhi ya ndiva, huzuia maji yasivuje; tope haizuii.

Siku hizi vijana wengi wako Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na badala ya mikono huleta fedha, akaajiriwa mtu wa kuchimba. Mkataba umekwisha kuingia. Yamkini yuko mwana wa Usangi akaaye ng'ambo alipaye yote mawili, theluji ya huko na tope la kwao. Kwa theluji, alfajiri huikuta njia yake nyeupe imekwisha kufunguliwa, na shauri limekwisha. Kwa tope, kibarua wake huchimba, hupokea ujira, huenda zake. Zamu za maji hupangwa baadaye na wale waliobaki pale ukingoni, majembe mikononi, na mama yake mzee hupata habari kwa jirani.